Deki na Risiva ya Nyumba ya Lukozi

Jumatatu, 2 Juni

Tak. Kitufe cha redio kaseti kinaporuka juu, mkanda umeisha. Siku walipoleta habari ya Idrisa mkanda ulikuwa unacheza na hakuna aliyekumbuka kuuzima. Wanawake waliingia, walilia, mama mkwe alikaa chini ghafla kama aliyekatwa miguu, na redio iliendelea kuimba mambo ya harusi. Halafu, tak. Hapo ndipo nilipojua kwamba mume wangu amekufa. Si pale waliponiambia.

Leo nimeisikia tena kichwani, nikichambua mchele.

Ukungu wa Lushoto mpaka saa nne. Kanga nimeanika ndani, hazitakauka. Mwezi wa tatu wa eda. Sitoki, sijipaki chochote chenye harufu, sivai rangi. Haya yote nimeyakubali na wala si mazito. Kizito ni kwamba hakuna anayeniuliza swali. Wanaokuja wanakuja na majibu. Mungu ndiye mpangaji. Vumilia. Kunywa chai. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nimezoea kuulizwa kutwa nzima. Mkuu wa shule kanipa ruhusa mpaka eda iishe, vipindi vyangu anavifundisha mwingine. Nyumba hii ina saa ya ukutani na maharage.

Jumamosi, 7 Juni

Shemeji Athumani amekuja. Ni mdogo wake marehemu. Anapeleka kabichi na karoti za Lukozi mpaka Dar kwa Fuso na kurudi na mizigo ya watu. Hajaoa. Anamalizia nyumba yake Lukozi, nguzo za umeme zimepita mlangoni.

Tulikaa kama inavyotakiwa. Yeye barazani, mama mkwe kizingitini na ungo wake, mimi ndani nyuma ya pazia. Alimpa shikamoo mama yake, akanisalimu. Halafu akapenyeza bahasha chini ya pazia. Vipeperushi vya maduka ya Kariakoo. Deki za DVD, risiva, spika.

"Nataka hom thieta, shemeji. Mimi kabichi naijua kwa kuigonga tu. Hizi zinagongwa wapi?"

Nilicheka. Nilishtuka kusikia nimecheka. Mama mkwe naye alicheka, chini chini.

Akasema kaka yake alimwambia kwamba mimi ndiye nilikuwa namsahihisha kwenye mambo ya umeme. Kweli. Akasema ana fungu lake kutokana na kabichi za msimu huu, halizidi hapo, basi nimchagulie kitakachofaa.

Nimesoma mpaka adhuhuri. Baadaye nikala sahani mbili za ugali.

Jumapili, 8 Juni

Vipeperushi vinadanganya bila haya. Wati elfu moja kwenye boksi linaloweza kubebwa na mtoto. Wati hizo ni za kufumba na kufumbua, kabla chombo hakijaungua. Nimetafuta maandishi madogo ya nyuma ndipo nikapata wati za kweli. Nimezipigia mstari.

Risiva, kwa wasiojua, ni amplifaya yenye redio ndani yake, inayopokea sauti ya deki na kuigawa kwenye spika. Lakini hapa hakuna asiyejua. Hapa hakuna mtu. Naeleza hewa. Mazoea ya darasani.

Jumatano, 11 Juni

Swali ni moja. Fungu ni dogo, je, uzito uwekwe kwenye deki au kwenye risiva?

Wengi wangenunua deki ya kifahari, kwa kuwa ndiyo wanayoiona ikifungua mdomo. Mimi nasema hapana. Deki ina mota na jicho la mwanga. Kiangazi kikifika, vumbi la barabara ya Lukozi litaingia humo kama linavyoingia kila mahali. Kitakachozunguka kitakufa mapema. Risiva haizunguki. Ikipumua vizuri itakaa miaka. Basi deki ya bei ya chini, mradi iwe na tundu la sauti ya kidijitali na isibague CD za kunakili, maana DVD halisi Lushoto ataziona wapi. Fungu lote linalobaki liende kwenye risiva na spika.

Nilipomaliza kuandika nilitaka kumwonyesha mtu. Nilikaa na karatasi mkononi. Mama mkwe alikuwa amelala.

Jumamosi, 14 Juni

Shemeji amekuja tena. Nimemsomea hoja zangu kupitia pazia. Anasikiliza vizuri. Hakatizi. Aliuliza maswali matatu na yote yalikuwa ya maana.

Nikamuuliza chumba kina upana gani, urefu gani, dari ni ya mbao au mabati matupu. Mabati yanaharibu sauti, na siku ya mvua hutasikia kitu. Akasema dari ataweka. Akauliza kama nataka ya mbao au ya ubao laini. Nikasema ubao laini unameza mwangwi. Akasema basi ni huo.

Nikauliza watakaa watu wangapi. Si swali la adabu, spika hupangwa kulingana na wakaaji.

Nilisikia maharage ya mama mkwe yakiacha kuanguka kwenye ungo.

"Wawili," akasema. "Kwa kuanzia."

Nimechora chumba. Mbele spika mbili, ya besi pembeni, mbili nyuma. Ya katikati chini ya televisheni. Nimemsisitizia hiyo asiipuuze kwa ubahili, maana ndiyo inayobeba maneno. Ukiikosa utasikia bunduki na radi, ila hutajua watu wanaambiana nini.

Jumanne, 17 Juni

Nilikuwa na furaha Jumamosi. Naandika ili nisijidanganye. Mume wangu yuko chini ya udongo na mimi nilikuwa na furaha kwa sababu ya ohm nane za spika.

Nimemkumbuka Idrisa kwa nguvu leo, kama kulipa. Haikusaidia. Namkumbuka vipande vipande. Shingo. Namna ya kukunja shati. Uso unakuja ukiwa na sura ya picha ya ukutani, na picha hiyo haikuwahi kufanana naye.

Mvua nyembamba kutwa. Hakuna aliyekuja.

Jumamosi, 28 Juni

Zimebaki risiva mbili. Moja ni mtumba wa Japani, chombo kizuri hasa, kizito, lakini ni cha volti mia. Kikichomekwa kwenye umeme wetu bila transfoma kitaungua siku hiyohiyo. Nyingine ni mpya, imepitia Dubai, nyepesi kidogo, volti zake ndizo zetu. Roho yangu iko kwa Mjapani. Nimemweleza shemeji hizo volti na kuchagua ya Dubai. Mwenye nyumba akisafiri, mgeni atakuja kuchomeka bila kuuliza.

Wifi Zubeda alikuwepo leo. Ni dada yao, mkubwa wa Athumani, ameolewa hapa mjini, na mdomo wake haulali. Shemeji alipoanza kusifia risiva yenye taa za rangi zinazopanda na kushuka, Zubeda akamwambia, "We Athumani, unanunua chombo au unanunua disko? Msikilize mwenye akili."

"Namsikiliza. Ndiyo kazi yangu siku hizi."

"Tumeona."

Halafu shemeji akaniuliza rangi. Nyeusi au ya fedha? Nikasema rangi haibadili sauti. Akasema anajua, lakini nachagua ipi. Nikasema haijalishi. Mama mkwe akaingilia kati, yeye ambaye haingilii kati, akasema kwa upole, "Mwanangu, sema tu rangi."

Nikasema nyeusi.

Zubeda akapiga kigelegele kifupi, akakikatisha kwa mkono. Nyumba ya msiba. Nilifikiri amechanganyikiwa.

Jumamosi, 5 Julai

Hajaja. Yuko Dar kununua. Nimekaa nyuma ya pazia saa ileile kama mjinga. Pazia lina madoa ya ukungu upande wa chini. Nimelifua.

Jumamosi, 12 Julai

Zubeda ametoka Lukozi. Vyombo vimefika, vimefungwa, vinafanya kazi. Watu wamejaa mpaka dirishani, amesema, na Athumani anamwambia kila anayeingia, usiguse, kila kitu kimewekwa kwa kipimo.

Akanikalia karibu, akanipiga bega. "Wifi, nyumba yako inaunguruma mpaka kijijini kwenu Malindi. Mama yako ataisikia kabla hujaenda kumuaga."

"Nyumba yangu ipi?"

Akanitazama. Alikuwa anacheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

"Wifi. Usinitanie."

Sikuwa namtania.

Jumapili, 13 Julai

Nimemuuliza mama mkwe. Hakuzungusha. Alisema anavyosema mtu anayeeleza namna ya kuwasha moto.

"Mwenye eda haposwi. Wewe umesoma, unalijua hilo. Ni dhambi kumtamkia. Kinachoruhusiwa ni kumdokezea, naye akitaka ataitika. Athumani akuambie nini zaidi? Kakuletea nyumba yake kwenye karatasi. Ukampangia dari. Ukampangia watu watakapokaa. Ukachagua rangi."

Nikasema nilidhani anataka kujua kuhusu risiva.

"Alitaka kujua na hiyo," akasema.

Wamekwishasema, ukoo mzima. Nyumba ya jirani wanajua. Zubeda kamwambia fundi wa mapazia. Mjane wa Idrisa ameitika. Eda ikiisha wazee watakwenda Malindi kwa wazazi wangu kukamilisha tu, maana neno limekwisha kutoka.

Neno gani? Nyeusi.

Jumanne, 15 Julai

Hasira. Siwezi kusoma, siwezi kushona. Nawakasirikia wao, na zaidi najikasirikia mimi. Kanuni hiyo naijua. Nimeisoma madrasa nikiwa na miaka kumi na miwili na kupata alama zote. Mjane hutongozwa kwa mafumbo. Niliijibu kwenye mtihani na sikuitambua ilipopita mlangoni ikiwa imebeba vipeperushi.

Kila mwanamke wa milima hii angeelewa tangu kipeperushi cha kwanza. Angekaa kimya, au angeomba ubao wa dari. Mimi nilimweleza mtu volti.

Ijumaa, 18 Julai

Hasira imepungua, na chini yake kuna kitu kibaya zaidi. Nilidhani nimepata mtu wa kunisikiliza kwa ajili ya ninachokijua. Kumbe kila nilichosema kilisikika kama kitu kingine. Jumamosi zile zote nilikuwa peke yangu chumbani, sawa na siku nyingine. Tofauti ni kwamba sikujua.

Jumatano, 23 Julai

Niwe mkweli. Ningeweza.

Athumani si mtu mbaya. Hanywi, hapigi kelele, anajua kucheka. Nyumba ni ya tofali. Sauti, ikipangwa nilivyochora, itakuwa nzuri kuliko yoyote kuanzia hapa mpaka Mombo, na nitakuwa nimeipanga mimi. Mama mkwe hatapoteza mtoto wa pili, yaani mimi. Hilo ndilo linaloniuma. Usiku wa kwanza wa msiba alinifunika kwa blanketi lake na yeye akalala kwa kanga mbili, kwenye baridi hii. Hajawahi kulitaja.

Nikikataa, watasema nimekula neno. Mwanamke msomi, kamtumia shemeji yake kupitisha eda. Nitakutana nao sokoni kila wiki. Nikikubali, sitajua kamwe kama niliolewa au niliteleza.

Jumamosi, 26 Julai

Athumani amekuja. Mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Alikaa barazani, hakuleta karatasi. Mama mkwe alikuwepo, na ungo wake.

Aliniambia spika za nyuma zinatoa sauti kama mtu anayeongea na kitambaa mdomoni. Nikamwambia huenda nyaya zimepishana, nyekundu imeingia kwenye nyeusi. Nilijibu kwa sauti ya darasani. Alijua kwamba najua. Niliisikia kwenye namna alivyopumua.

Hakuna mmoja wetu aliyeweza kusema zaidi. Eda haijaisha.

Jumanne, 5 Agosti

Eda imeisha. Zubeda alikuja alfajiri kunisaidia kuoga. Maji ya moto yenye majani, nguo zangu za zamani, mafuta mepesi. Shati langu la bluu limekuwa kubwa. Wanawake walikula pilau barazani. Kila mmoja alinitazama kama sufuria iliyokwisha kuiva.

Nimetembea peke yangu mpaka barabara kuu na kurudi. Miguu ilikuwa laini. Kila kitu kilikuwa mbali kidogo kuliko nilivyokumbuka.

Wazee wanapanga kwenda Malindi Jumapili ya tarehe 17. Nimesikia kupitia ukuta.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda Lukozi, na Zubeda. Nilimwambia nataka kurekebisha spika. Aliamini, au aliamua kuamini.

Nyumba ni nzuri. Dari ubao laini. Kila kitu mahali nilipochora, kwa usahihi unaotia huruma. Amepima kwa kamba, alama za chaki bado zipo sakafuni. Nyaya za nyuma kweli zilikuwa zimepishana. Nilizigeuza. Akaweka CD, na ile sauti ya kitambaa ikaondoka. Mtu aliimba katikati ya chumba kama amesimama hapo. Tukasikiliza wote watatu, tumesimama.

Zubeda akatoka kwenda kutafuta maji ambayo yalikuwa ndani. Akakaa barazani, mlango ameuacha wazi.

Nikamwambia, "Shemeji, mimi nilikuwa nachagua risiva."

"Nimeambiwa." Aliutazama mkono wake. "Nilijua katikati. Siku ya volti. Hakuna mwanamke anayeitika kwa volti."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Ilikuwa haramu kusema. Na nilitaka uendelee."

Nikamwambia sasa si haramu. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Wameuliza ukoo, majirani, fundi wa mapazia. Kama ana swali, aniulize mimi, sasa, kwa maneno ya kawaida.

Alizima risiva kwanza. Akasimama vizuri kama mtu anayeitwa ofisini.

"Mwanaidi," akasema. Hajawahi kuniita jina. "Nataka kukuoa. Si kwa sababu ya kaka. Zamani nilikuwa nakuona tu mke wa kaka. Ni kwa ajili ya Jumamosi zile. Utakubali?"

Nikamwambia atapata jibu kabla wazee hawajaondoka. Nitampa mwenyewe, si kwa mjumbe.

"Hata likiwa baya?"

"Hata likiwa baya."

Njiani Zubeda hakunitania hata mara moja.

Jumatano, 13 Agosti

Silali vizuri. Swali lilikuwa zuri. Hilo ndilo tatizo. Lingekuwa baya ningelijibu palepale.

Nimejaribu kumwondolea kila kitu. Risiva, dari, pazia, ungo wa mama yake. Nimemweka Athumani kwenye chumba kitupu, jioni, hakuna cha kuchagua, hakuna cha kupima, nami niko naye. Nimengoja nione nitamwambia nini.

Nimengoja sana.

Jumapili, 24 Agosti

Chumba nilichohamia ni kidogo, nyuma ya shule, dirisha linatazama mlima. Umeme bado hawajaunganisha. Asubuhi ukungu huingia kwa chini ya mlango na kukaa sakafuni kwa muda. Nina kitanda, meza, jiko la mkaa, maharage aliyonifungia mama mkwe. Alinifungia mwenyewe, bila kunitazama, akasema nirudi Ijumaa kula. Nimekwenda Ijumaa. Hatukuzungumza sana. Nilichambua, yeye akapika.

Sokoni mwanamke mmoja aliacha kuongea nilipopita. Niliendelea kununua nyanya.

Vipindi nimerudishiwa vyote. Kidato cha Tatu wamesahau karibu kila kitu na wanauliza bila kukoma.

Jioni ni ndefu. Nilidhani upweke wa hapa utakuwa tofauti na ule wa nyuma ya pazia. Kwa sehemu kubwa ni uleule. Sijautafutia jina zuri.

Athumani nilimpa jibu Alhamisi ile, siku tatu kabla ya Jumapili waliyopanga wazee kuondoka. Nilipanda mpaka Lukozi na kumkuta akipakia kabichi. Nilimwambia hapana, wazi, mbele ya lori lake. Aliweka chini kabichi aliyokuwa ameishika, akasema amesikia. Halafu akashuka nami mpaka barabarani, tukasimama mpaka gari likaja, nikapanda.